Saa za kazi zapungua Kigali, lakini muda wa kujitunza bado una wenyewe

Kila ifikapo Machi, simu za wakazi wa Afrika Mashariki huanza kupokea mawaidha kutoka kaskazini mwa dunia. Majira ya kuchipua yamewadia, wanaambiwa: fungua madirisha, panga upya kabati, tembea bustanini, jitengee muda wako mwenyewe. Wanaoandika hayo wana sababu. Mwezi Desemba, London hupata mwanga wa jua kwa muda usiotimia saa 8 kwa siku, na ikifika Juni hupata zaidi ya saa 16. Mtu aliyekuwa akienda kazini gizani na kurudi gizani hahitaji kusukumwa atoke nje pale siku inapoanza kurefuka.

Huku kwetu Machi ni masika. Barabara za Nairobi hugeuka vijito, Bonde la Msimbazi jijini Dar es Salaam hufurika, na Kigali mvua za itumba huteremka vilimani kwa kasi. Jua nalo halina habari na majira. Kuanzia Kampala hadi Bujumbura na hata Dar es Salaam, urefu wa mchana haubadiliki kwa saa nzima mwaka mzima. Hakuna msimu utakaomletea mkazi wa ukanda huu mwanga wa ziada. Akitaka nafasi ya kutembea, kulala vizuri, kukaa na watoto au kusukwa nywele bila kukimbizana, muda huo lazima utoke mahali fulani: kwa mwajiri, kwenye foleni ya magari, au kwa mtu mwingine atakayeshika kazi wakati yeye anapumzika.

Rwanda iliamua kuanza na mwajiri.

Katika kikao cha Novemba 11, 2022, Baraza la Mawaziri la nchi hiyo lilipitisha saa mpya za kazi, zilizoanza kutumika Januari 1, 2023. Ofisi za umma na za binafsi zifunguliwe saa tatu asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni, pakiwa na mapumziko ya saa moja katikati. Kati ya saa mbili na saa tatu asubuhi mfanyakazi anaweza kufanya kazi akiwa popote, bila kulazimika kuonekana ofisini. Wiki ya kazi ilishuka kutoka saa 45 hadi 40. Shule, ambazo nyingi zilikuwa zikianza mapema zaidi, zilisogezwa hadi saa mbili na nusu asubuhi, nazo zinafunga saa kumi na moja. Sababu zilizotolewa ni ubora wa elimu, tija kazini na ustawi wa familia.

Kwa hesabu ya haraka, saa tano kwa wiki katika wiki 48 za kazi ni saa 240 kwa mwaka, sawa na wiki sita nzima za kazi. Hakuna semina ya kupanga muda inayoweza kumpa mfanyakazi zawadi ya namna hiyo.

Asubuhi iliyorudi nyumbani

Anayetaka kuelewa mabadiliko hayo aanze na saa ya ukutani. Rwanda na Burundi ziko nyuma kwa saa moja ya Kenya, Uganda na Tanzania. Kigali ikitimia saa tatu asubuhi, Nairobi, Kampala na Dar es Salaam ni saa nne. Aidha, jua la Kigali huzama karibu na saa kumi na mbili jioni. Mfanyakazi anayetoka ofisini saa kumi na moja anabakiwa na kama saa moja tu ya mwanga, na sehemu kubwa ya saa hiyo huishia njiani. Jioni, kwa hiyo, haikumpa mengi. Alichopewa ni asubuhi.

Na asubuhi si kitu kidogo katika nyumba yenye watoto. Ndiyo saa ya uji, ya soksi zisizoonekana, ya daftari lililosahauliwa kusainiwa. Shule ikianza saa moja, mtoto anayeishi mbali huamshwa saa kumi na moja alfajiri, na aliyemwamsha huwa ameamka kabla yake. Ukisogeza kengele ya shule kwa saa moja, unawapa usingizi watu wawili kwa mpigo. Wataalamu wa usingizi hushauri mtu mzima alale angalau saa saba. Katika miji yetu usingizi ndio sehemu ya kujitunza inayotolewa kafara kwanza, kwa sababu hauna wa kuulalamikia.

Mpango huo una kasoro yake pia. Mtoto anayeingia darasani saa mbili na nusu na kutoka saa kumi na moja amekaa shuleni saa nane na nusu, muda mrefu kuliko mzazi wake ofisini. Jioni anafika nyumbani jua linazama, na mchezo wa nje unakuwa umekufa.

Kasoro kubwa zaidi ni ya idadi. Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilikadiria mwaka 2018 kwamba zaidi ya asilimia 85 ya ajira barani Afrika ni zile zisizo rasmi. Muuza nyanya wa soko la Kimironko, fundi cherehani wa mtaani na kijana wa pikipiki hawana mkataba wa saa 45 wala wa saa 40. Wakifunga mapema, wamejikata wenyewe mshahara. Tangazo la serikali kuhusu saa za ofisi linawafikia kwa njia ya mzunguko tu: wateja wao sasa wanatoka wakati tofauti.

Jumapili bila magari

Jitihada nyingine ya Kigali ilitangulia hiyo, na haiulizi mtu ana mkataba gani. Mei 2016 jiji lilianzisha Siku Bila Magari. Asubuhi ya Jumapili baadhi ya barabara kuu hufungwa kwa saa chache, na watu hukimbia, hutembea, huendesha baiskeli na kufanya mazoezi ya viungo kwa makundi. Ilianza mara moja kwa mwezi. Kuanzia 2018 ikawa mara mbili. Rais Paul Kagame amejitokeza humo mara kadhaa akiwa na mavazi ya mazoezi, jambo linalosaidia sana kuwatoa kitandani watumishi wa umma.

Kivutio kisichopigiwa picha sana ni meza za wahudumu wa afya. Anayepita anaweza kupimwa shinikizo la damu, sukari na uwiano wa uzito na urefu. Huenda hilo lina thamani kuliko mbio zenyewe. Shirika la Afya Duniani, WHO, liliwahi kukadiria kuwa watu wazima wapatao bilioni 1.28 duniani, wa umri wa miaka 30 hadi 79, walikuwa na shinikizo la juu la damu, na asilimia 46 kati yao hawakujua. Ugonjwa huo haupigi hodi. Mtu anaweza kuishi nao miaka kumi akijiona mzima, hadi siku anapoanguka bafuni. Kupimwa hospitali kunataka ruhusa ya kazini, nauli na foleni. Kupimwa barabarani Jumapili kunataka kunyoosha mkono tu.

Hata hivyo, mazoezi ya mara mbili kwa mwezi hayatoshi. WHO hushauri mtu mzima apate kati ya dakika 150 na 300 za mazoezi ya wastani kila wiki, kama vile kutembea kwa haraka. Kwa wiki nne, kiwango cha chini ni dakika 600. Anayehudhuria Jumapili zote mbili na kutembea saa tatu kila mara, jambo ambalo wachache huliweza, atafikisha 360. Nyingine 240 lazima zitoke katika siku za kawaida, na huko ndiko mazoea ya mtu yanakopimwa.

Jiji limejaribu kuzisaidia siku hizo za kawaida kwa kutengeneza mahali pa kwenda. Nyandungu, bonde la majimaji lililokuwa limechakaa upande wa mashariki wa Kigali, lilikarabatiwa na kufunguliwa mwaka 2022 kuwa hifadhi ya mapumziko yenye hekta 121 na njia za kutembea na baiskeli. Nairobi ina Msitu wa Karura wenye hekta zaidi ya 1,000, na upo mpaka leo kwa sababu Wangari Maathai na wenzake walipigwa wakiutetea miaka ya mwisho ya 1990. Inafaa kukumbukwa na kila anayekwenda pale Jumamosi na viatu vyake vya mbio. Bustani ya Uhuru nayo ilikuwa imekwisha kupangiwa jengo la ghorofa 60 mwaka 1989, na ni Maathai huyohuyo aliyepiga kelele mpaka mradi ukafa.

Majirani na siku zao

Nchi kadhaa za Jumuiya zimewahi kutangaza siku ya mazoezi. Zanzibar ina utaratibu mkongwe na wa kupendeza: Januari 1 ni siku ya mazoezi ya viungo kitaifa, na wakati miji mingine inalala kwa uchovu wa mkesha, vikundi vya mazoezi vya Unguja huwa barabarani asubuhi, viongozi wa serikali wakiwa miongoni mwao. Tanzania Bara, Samia Suluhu Hassan akiwa Makamu wa Rais Desemba 2016, aliagiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe ya mazoezi. Klabu za mbio za pole za Dar es Salaam, zenye fulana zao za rangi moja na nyimbo za kuitikiana, zilikuwepo kabla ya agizo na zinaendelea na ratiba zao bila kusubiri Jumamosi ya pili. Uganda iliadhimisha siku yake ya kwanza ya kitaifa ya mazoezi Julai 2018. Miaka miwili baadaye, Aprili 2020, Rais Yoweri Museveni alikataza watu kufanya mazoezi nje kwa ajili ya UVIKO-19, kisha akatoa video akikimbia pekupeku ndani ya ofisi yake na kupiga pushapu 30. Alikuwa na umri wa miaka 75. Wengi walicheka, lakini wengi pia waliwasogeza makochi yao pembeni na kujaribu.

Nairobi ilijaribu kufunga barabara na ikashindwa kabla ya kuanza. Mapema mwaka 2019 Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, James Macharia, alitangaza kwamba Jumatano na Jumamosi zingekuwa siku bila magari katika sehemu za katikati ya jiji na Westlands. Mpango uliahirishwa. Tofauti na Kigali si ukaidi wa wakazi kama inavyosemwa mara nyingi. Kigali ilichagua Jumapili asubuhi, saa ambayo biashara nyingi hazijaamka. Nairobi ilichagua Jumatano, katikati ya wiki, bila kuwaonyesha watu njia nyingine ya kufika kazini. Mtu hawezi kufurahia barabara tulivu wakati anatafuta matatu ilikohamia. Addis Ababa, iliyoanza Desemba 2018, nayo ilichagua Jumapili.

Habari ya Bujumbura ina uzito wa aina yake, na huenda ndiyo inayoeleza vizuri kuliko zote kwamba muda wa mtu kujitunza ni jambo la umma pia. Mbio za vikundi asubuhi za mwisho wa wiki ni desturi ya miaka mingi katika jiji hilo. Watu hukimbia kwa mistari, wanaimba, wanapiga makofi, wanapanda vilima vinavyotazama Ziwa Tanganyika na kushuka. Katika miaka ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, vilivyoanza 1993, kukimbia pamoja kulikuwa na faida ya ziada: aliye ndani ya kundi alikuwa salama kuliko aliye peke yake.

Machi 2014 kundi likageuka kuwa tatizo. Baada ya vurugu kati ya polisi na wafuasi wa chama kimoja cha upinzani waliokuwa wametoka kwa mbio, serikali ilipiga marufuku mbio za vikundi mitaani, ikisema zinatumika kupanga ghasia. Waliotaka kukimbia kwa vikundi walitakiwa kubaki kwenye maeneo yaliyotengwa. Watu 21 walihukumiwa kifungo cha maisha kwa tukio hilo. Kwa mkazi wa kawaida wa mitaa kama Kamenge au Nyakabiga, aliyekuwa na Jumamosi yake, wimbo wake na jasho lake, hicho ndicho kilichoondoka. Aliweza kukimbia peke yake, ndiyo. Lakini anayejua mbio za Bujumbura anajua kwamba watu wengi hawakuwa wakifuata mbio. Walikuwa wakifuata wenzao.

Nani anashika mtoto?

Tukirudi ndani ya nyumba, hesabu inabadilika tena, na hapo ndipo ushauri mwingi wa kujitunza unapokwama. Utafiti wa matumizi ya muda uliofanywa Kenya mwaka 2021 na shirika la takwimu la taifa, KNBS, ulionyesha kuwa wanawake na wasichana hutumia asilimia 18.7 ya siku yao kwa kazi za nyumbani na malezi zisizolipwa, na wanaume asilimia 3.6. Hiyo ni kama saa nne na nusu dhidi ya chini ya saa moja. Kwa dunia nzima, ILO imewahi kukadiria kuwa wanawake hubeba zaidi ya robo tatu ya kazi hizo.

Sasa mpe mwanamke huyo saa moja aliyoirudisha serikali. Kama hakuna kingine kilichobadilika nyumbani, ataijaza kwa vyombo, kwa nguo za shule, kwa kuchambua maharage ya jioni. Saa aliyopewa na mwajiri inachukuliwa na jiko kabla hajakaa. Mume anayetoka ofisini wakati uleule atakwenda mazoezini, na atasifiwa kwa kujali afya yake.

Kuna jambo jingine ambalo vipeperushi vya afya hulipita. Mama anayelima tangu alfajiri, akateka maji na kubeba kuni, ana dakika za mazoezi za kumgawia jirani. WHO huhesabu kazi ya mwili kuwa mazoezi. Kumwambia huyo atembee nusu saa jioni ni kumtania. Anachokosa ni kuketi, kulala na kula kwa wakati. Karani wa benki anayeketi saa nane anahitaji kusimama. Mkulima anahitaji mkeka. Neno ni moja, kujitunza, lakini dawa ni mbili zinazopingana.

Wazee wa pwani walilielewa hili bila takwimu. Mwanamke aliyejifungua aliwekwa ndani arobaini. Kwa siku hizo alikandwa kwa maji ya moto, akanyweshwa uji wa pilipili manga, akafukizwa udi, na zaidi ya yote hakugusa sufuria. Utaratibu huo haukuwa shauri lake binafsi. Mama yake alihamia, au somo, au dada wa mume, na kazi zake zikagawanywa. Alipumzika kwa sababu watu wengine wanne hawakupumzika, na kila mmoja wao alijua zamu yake itafika. Leo katika nyumba za kupanga za Mbagala, Kayole au Nyamirambo, mama yake yuko mkoa mwingine au nchi nyingine, na arobaini inakuwa wiki mbili, au siku nne.

Mahali pa hao watu wanne mara nyingi sasa yupo mmoja, dada wa kazi. Muda mwingi wa kujitunza wa tabaka la kati katika miji yetu umesimama juu ya mgongo wake: ndiye anayemruhusu mama kwenda saluni na baba kwenda mazoezini. Yeye huamka wa kwanza na kulala wa mwisho. Mkataba namba 189 wa ILO wa mwaka 2011 unataka mfanyakazi wa nyumbani apate angalau saa 24 mfululizo za mapumziko kila wiki. Familia inayopanga upya ratiba yake mwaka huu inaweza kuanzia hapo, kabla ya kununua mkeka wa yoga: je, siku yake ya mapumziko ni ipi, na je, akiwa nayo anaruhusiwa kutoka getini?

Yapo mambo mengine yasiyogharimu. Wazazi wanaoishi jirani wanaweza kupeana zamu, huyu akakaa na watoto wote Jumamosi asubuhi, yule Jumapili, na kila mmoja akapata asubuhi nzima badala ya nusu saa za kuiba. Wanawake wengi tayari wanafanya jambo linalofanana na hilo kupitia vikao vya chama, vikoba au ikimina. Rasmi, wanakwenda kuchanga fedha. Wanakwenda pia kuketi, kucheka na kunywa chai ambayo hawakuipika, na hakuna mume anayehoji, kwa sababu kuna daftari la akiba mezani. Ni werevu unaostahili heshima.

Anayepanda daladala au matatu anaweza kushuka vituo viwili kabla na kumaliza safari kwa miguu, ikiwa njia ni salama na kuna mwanga. Hapo dakika 20 zimepatikana bila kuomba ruhusa. Mwenye simu anaweza kuiacha sebuleni usiku. Kuhusu simu, Kenya ilikwenda hatua moja mbele: muswada uliopelekwa Seneti mwaka 2022 na Seneta Samson Cherargei wa Nandi ulipendekeza mwajiri anayemsumbua mfanyakazi nje ya saa za kazi atozwe faini ya hadi shilingi 500,000 za Kenya. Waajiri walipinga vikali. Lakini kila aliyewahi kupokea ujumbe wa bosi saa nne za usiku, uliofungwa kwa maneno "si haraka", anajua muswada ule ulitoka wapi.

Mpaka mmoja, saa tofauti

Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 1, 2010, inamruhusu mfanyakazi kuvuka mpaka na kutafuta kazi. Kifungu cha 12 kinazitaka nchi wanachama zioanishe sera na sheria zao za kazi. Kwa upande wa mapumziko, uoanishaji huo haujaonekana. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha kawaida cha saa 45 kwa wiki na likizo ya siku 28 mfululizo kwa mwaka. Uganda, kwa sheria ya 2006, ni saa 48, na likizo ni siku saba kwa kila miezi minne. Kenya inatoa likizo ya siku 21 za kazi, lakini agizo lake la jumla la mishahara linaruhusu wiki ya kawaida ya saa 52. Rwanda sasa ni 40.

Mhasibu anayehama Dar es Salaam kwenda Kigali anapata saa tano kila wiki. Akihama Kigali kwenda Nairobi anaweza kupoteza 12. Anapojadiliana kuhusu mshahara, mara chache huziweka saa hizo mezani, ingawa ndizo zitakazoamua kama atawaona wanawe wakiwa macho.

Pengo hilo linaonekana wazi zaidi kwa mtu anayezipita nchi zote hizo kwa wiki moja, dereva wa lori. Kutoka bandari ya Dar es Salaam hadi Kigali kupitia Rusumo ni takriban kilomita 1,500, na kutoka Mombasa kupitia Malaba na Gatuna ni zaidi. Anaketi mchana kutwa, anakula chipsi na nyama choma kwenye vituo vya njiani, analala ndani ya kabini akilinda mafuta. Utafiti wa pamoja wa WHO na ILO uliotolewa mwaka 2021 ulikuta kwamba anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kupata kiharusi iliyo juu kwa asilimia 35 kuliko anayefanya kazi saa 35 hadi 40. Hatari ya kufa kwa ugonjwa wa moyo huongezeka kwa asilimia 17. Uligusa kila kazi, lakini ni vigumu kuusoma bila kumfikiria yeye.

Shirika la North Star Alliance limekuwa likiweka zahanati ndani ya makontena kwenye vituo ambako malori hulala, ili dereva apimwe shinikizo na sukari akiwa bado anasubiri karatasi zake. Wazo hilo ni ndugu wa zile meza za Kigali: huduma inamfuata mtu pale alipo, kwa dakika alizonazo. Foleni ya malori mpakani, ambayo kila mkutano wa Jumuiya huapa kuimaliza, ndiyo nafasi pekee ambayo wengi wao wanayo ya kumwona mhudumu wa afya.

Mpakani Rusumo, dereva anayeingia Rwanda hurudisha saa yake nyuma kwa saa moja. Akitoka, anaisogeza mbele tena.